Fao la Shaweji

Chitete, mlinzi mzee wa kiwanda cha korosho, alijifunza kusoma mvi zikiwa zimeshatanda, na alipenda kusema kwamba herufi zilizomo kichwani mwake ni wapangaji, huhama kila mwezi. Kiwanda kilipopunguza watu, tajiri wake, Mahfudhi, alimwita.

"Mpwa wangu Shaweji naye anataka fao la kukosa ajira. Utamwambia afisa kwamba alikuwa mlinzi mwenzako. Ukikataa, nitasema yale magunia yaliyoibwa ukiwa mapumzikoni uliyaiba wewe, nawe ukose lako."

"Shaweji huyu ambaye hajawahi kushika hata rungu?"

"Huyo huyo."

"Sawa, tajiri. Lakini kichwa changu ni pakacha, maji hayakai. Anza wewe kunisemea mimi, nami nikuige."

Mbele ya afisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii, Shaweji akiwa ameketi kando yao, Mahfudhi alitamka kwa madaha: "Mzee huyu ni mwaminifu. Hakuiba kitu, nimempunguza kwa uhaba wa kazi tu."

Afisa akagonga muhuri kwenye fomu ya Chitete. "Na Shaweji?"

"Alilinda zamu zote nilizopumzika," alijibu Chitete kwa unyenyekevu. "Hata usiku ule magunia yalipoibwa, langoni alikuwa yeye, peke yake."

Shaweji aliruka kitini. "Mzee, unanitafutia jela? Wallahi sijafanya kazi pale hata siku moja!"

Afisa aliuweka muhuri chini, akamgeukia Mahfudhi.

"Niwie radhi, tajiri," alisema Chitete. "Nilikuonya mapema. Kichwa hiki hushika nusu ya somo."