Bi Kanga Apanda Masale

Paukwa!

*Pakawa!*

Aah, wale wa karibu na chungu cha viazi wameitika na chakula mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

*Pakawa!*

Haya. Zamani, zamani sana, mlima ukiwa bado kijana na theluji yake mpya kichwani, aliishi Bi Kanga. Aliishi mteremkoni, chini ya mringaringa mkubwa. Mti ule ulikuwa na kivuli, kivuli hasa! Jua lilipiga hodi, halikujibiwa.

Kivuli kizuri kwa kupumzika. Kwa kupanda? Mh! Chini yake ardhi ilikuwa tupu kama kiganja.

Na Bi Kanga alikuwa na uchungu moyoni. Msimu uliopita alitotoa vifaranga. Wakatoka kucheza pale peupe. Mwewe akashuka, fyuu! Akarudi tena, fyuu! Hakubaki hata mmoja. Bi Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka.

Akajifuta machozi, akasema, "Nitapanda kichaka. Kichaka kizito, kisichopukutika hata kiangazi. Wanangu wakisikia mbawa, waingie ndani."

Akapanda mbaazi. Mbaazi zikaota nyembamba, ndefu, zimeinama kutafuta jua. Hazijafika popote, akaja jirani yake, Bwana Mbawala mwenye pembe. Nyafu, nyafu, nyafu! Kwisha.

"Jirani! Umekula mbaazi zangu!"

"Nani, mimi? Nilikuwa napita tu."

"Na hilo jani mdomoni?"

"Nalo lilikuwa linapita."

Bi Kanga akapanda maboga. Nyafu, nyafu, nyafu! "Nilikuwa napita tu, jirani." Akapanda mihogo, na pembeni akasimamisha sanamu ya kutisha. Akaivisha majani makavu ya mgomba, akaivika kikapu kichwani. Mbawala akaja, akaiona, akainama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Naweza kula kidogo?"

Sanamu kimya.

"Mzee hajakataa," akasema Mbawala. Akala mihogo. Akala nguo za mzee. Akala na kofia.

Bi Kanga akakaa chini, akafikiri. Akafikiri weee! Kisha akasema, "Nimehangaika kumfukuza mlaji. Kumbe nitafute asichokila."

Akamwendea Mbawala. "Jirani, mimi ni ndege, najua punje tu. Wewe ndiwe fundi wa majani. Nitembeze msituni unifundishe."

Lo! Mbawala kichwa kikavimba. Akatangulia, shingo juu.

"Hili ni tamu asubuhi. Hili ni tamu baada ya mvua. Hili... ngoja kwanza." Nyafu! "Hili lilikuwa tamu."

Wakaenda, wakaenda, wakafika mahali penye giza la miti iliyobanana. Nje kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi zote. Lakini pale palikuwa na mmea wenye mashina yaliyonyooka kama fimbo, na majani marefu, ya kijani, yanayong'aa. Mbawala akaupita bila kugeuka.

"Na huu je?" akauliza Bi Kanga.

"Isale? Ptu! Jani gumu, chungu! Afadhali nife njaa."

Bi Kanga akajificha uso kwa bawa, asionekane anavyocheka.

Akarudi peke yake, akavunja vijiti vya isale. Akavichomeka ardhini, kimoja karibu na kingine, vikazunguka kiota. Akabeba maji kwa mdomo, akavinywesha. Mbawala akaja, akanusa.

"Jirani, umepanda fimbo?"

"Nimepanda fimbo."

"Pole," akasema Mbawala, akaenda zake.

Jamani, isale si mahindi! Leo chipukizi. Kesho chipukizi lile lile. Mvua zikaja, zikaenda, zikarudi. Kanga wenzake wakamcheka, "Mwenzetu anataga vijiti!" Bi Kanga akazidi kupalilia. Polepole majani yakafumana, kivulini mle mle, mpaka mwanga haukupenya. Ndipo akaingia ndani, akataga, akalalia, akatotoa.

Siku moja vifaranga walikuwa nje wakichakura. Fyuu! Mwewe huyo! Purukushani, purukushani, vifaranga ndani ya masale! Mwewe akagonga majani, bap! Akajaribu tena, bap! Akatua juu ya tawi, njaa inamuuma. Akamwona Mbawala.

"Bwana Mbawala, ni kweli kuna kichaka kimekushinda?"

"Kimenishinda mimi? Nani kasema?"

"Ndege wote wanasema. Kitafune, nione. Nami nitakuonyesha shamba la kunde lisilo na mlinzi."

Bi Kanga akasikia. Akalia kutoka ndani, "Jirani! Wanangu wamo humu!"

Mbawala akatazama pembeni. "Nakula tu, jirani. Sina ugomvi na mtu."

Akauma. Nyaaa-fu! Jani halikukatika. Akavuta. Povu jeupe likamjaa mdomoni. Machozi yakamtoka. Lakini kuchekwa hakutaka, basi akajaza mashavu, akaendelea. Pakatoboka upenyo. Mwewe akarukia hapo hapo, akaingiza kichwa chini ya pua ya Mbawala. Bi Kanga akatandaza mbawa juu ya wanawe, akatoa mdomo, tayari kufa.

Ndipo uchungu wa isale ukamfika Mbawala kooni.

"Ha... haa... PTUUUUU!"

Donge lote likampata Mwewe usoni, macho yote mawili! Akaruka haoni mbele wala nyuma. Akajigonga kwenye shina la mringaringa, puu! Akainuka anapepesuka, akaenda ng'ambo ya mlima, hakurudi.

Mbawala akachungulia penye upenyo. Akawaona vifaranga wanatetemeka, wamejibana kwa mama yao. Aibu ikamshika. Akataka kusema, lakini ulimi ulikuwa umevimba kama kiazi.

"Nithamehe... nthi... nthhh..."

Maneno yakakataa. Basi akachuma jani moja la isale, akalishika taratibu kwa midomo, akaliweka miguuni pa Bi Kanga. Akapiga magoti.

Bi Kanga akalitazama jani. Akamtazama Mbawala, povu linamdondoka kidevuni. Akalichukua.

"Nimekusamehe. Nenda kasukutue. Kisha urudi uzibe tundu ulilotoboa."

Mbawala akasukutua, akarudi, akapanda vijiti kwa kwato zake mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo, huko mteremkoni, mtu aliyemkosea mwenzake humwendea na jani la isale mkononi.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kabla hujapanda, kijue kivuli chako na umjue jirani yako, kisha uwe na subira. Na ukimkosea, peleka isale mapema.

Hadithi yangu nimeitua hapo, chini ya mringaringa. Anayeitaka aibebe.