Dhiraa Moja ya Jini

Alikuwako Sultani Ghaniyu bin Hamduni, mtawala wa mji wa Kirimani, na katika mji wake nguo ilipimwa kwa mkono wa mnunuzi, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, na hiyo ndiyo dhiraa. Basi watu, si mnawajua watu, wakawa wanakwenda dukani na wajomba zao wenye mikono mirefu!

Mjini humo aliishi Salha, mfumaji, mchumba wa Idarusi, na harusi yao ilikuwa imekaribia. Siku moja akaingia dukani mwake mteja aliyejifunika joho, akasema, "Bibie, nataka dhiraa moja tu."

"Nakuahidi, bwana. Nyoosha mkono nikupimie."

Lahaula! Mkono ukatoka dirishani, ukalipita soko, ukagota kwenye lango la mji, maana mteja yule alikuwa jini. "Umeahidi," akasema, na akamshika Idarusi, aliyekuwapo hapo dukani, awe rehani mpaka dhiraa itimie.

Salha akafuma na kufuma mpaka vidole vikavimba na uzi ukamwishia, na nguo haijafika hata nusu. Idarusi akamwambia, "Salha wangu, acha, utajiua."

"Nikuache, niishi na nani?" Akalia kwa kwikwi, kisha akamgeukia jini. "Bwana mkubwa, hebu niambie, nguo hii ya nani?"

Jini akainamisha kichwa. "Ya mwanangu. Mama yake amefariki, na mtoto analala akitetemeka, nami sijui kumvika."

Salha akasahau hasira zake zote. "Masikini! Mlete."

Akaletwa mtoto, mdogo wa kutosha kapuni, na Salha akamfunika kwa pindo tu la nguo ile, na papo hapo akasinzia. "Dhiraa yako ingemzika huyu, baba," akasema kwa upole.

Jini akabubujikwa na machozi, akamwachia Idarusi, na akavua pete yake ya shaba, akainyoosha ikawa fimbo. "Leo mkono wangu umekutesa wewe, kesho utamtesa mwingine. Pimieni hii. Haina mjomba wala mkwe, na haizeeki."

Fimbo ikapelekwa kwa Sultani, naye akasema, "Na iwe dhiraa ya wote, na mimi niwe wa kwanza kupimiwa," na akawaoza Salha na Idarusi, akawajaza mali, na jini akaja harusini na mwanawe mgongoni.

Nanyi mnaosikiliza, jueni kwamba kipimo hakikuletwa duniani kumnasa mtu. Kililetwa ili mkubwa na mdogo wasimame dukani pamoja bila kuogopana.