Mzunguko wa Bi Zuwena

Kula kwako kwapendeza, wala kushiba si kosa;
Hofu wakikuliwaza wale uliowatesa.

Chatu alikwisha kuwameza wana sita wa kwale aitwaye Bi Zuwena, kisha akaja kumdai wa saba, kwa adabu zote.

"Bwana mkubwa, kifaranga hiki hakikufiki hata kooni," alisema Bi Zuwena. "Bondeni yupo paa kavunjika mguu. Mle huyo, uniachie mwanangu."

Chatu alimbana paa mpaka akafa. Kisha akaanza kuzunguka vichakani kuhakikisha hakuna siafu wa kumla, kama afanyavyo kila chatu, kwa kuwa akishameza hawezi kujongea.

"Bwana mzima uhangaike kama mlinzi?" Bi Zuwena alimwambia. "Nitakuzungukia mimi."

Alikawia kidogo, akarudi akihema. "Meza kwa raha zako, bwana."

Chatu alimeza, akavimba, akajinyoosha. Punde nyasi zikawa nyeusi.

"Siafu!" alipiga kelele. "Kumbe hukuzunguka?"

"Nilizunguka, bwana. Niliwakuta nyuma ya kichuguu, nikawadondoshea panzi njia nzima mpaka hapa. Wasalimie wanangu humo tumboni."

Siku ya tatu palikuwa na mifupa ya paa ndani ya mifupa ya chatu. Waliobaki wamesimama ni kwale wawili.