Ngiri Aliyekwenda Vitani Kinyumenyume

Paukwa?

Pakawa.

Sogeeni basi, na anayesinzia apigwe kiwiko.

Hapo zamani za kale, Ngiri alirudi malishoni na mkewe na wanawe, akakuta Nungunungu amehamia shimoni mwao. Masika yameingia, na Simba ananguruma ng'ambo ya mto. Bila shimo, watoto wataliwa.

Sasa, mila ya ngiri ni kuingia nyumbani kinyumenyume. Naye nungunungu akigombana humpa mtu mgongo. Basi Ngiri akatanguliza makalio kwenda vitani, Nungunungu akatanguliza miiba kumpokea.

Mara ya kwanza Ngiri alitoka na miiba makalioni. Akamwambia mkewe, "Nimemtisha sana."

Mara ya pili alitoka na miiba zaidi. "Sasa ananiogopa," akasema, akashindwa kukaa.

Mara ya tatu alikuja na majani makavu na pilipili, aviwashe mlangoni, moshi umuue Nungunungu humo humo. Chuki ilikuwa imemjaa.

Akapita Fisi, mtani wake. Na mtani hakasirikiwi: akikutukana unacheka, akikunyang'anya silaha unaachia. Fisi akayapiga teke majani yale.

"Mtani, Mungu kakupa sura ya kutisha hivyo, nawe unatuma makalio yakusemee? Ingia kwa uso, ubishe hodi."

Ngiri alitaka kununa, lakini utani ni utani. Akaingia kwa uso.

"Hodi."

"Karibu," Nungunungu akajibu, amevikumbatia vitoto vyake vichanga. "Nilidhani shimo halina mwenyewe. Kila ukija naona mkia tu. Ningejuaje kama ni baba mwenye nyumba?"

Ngiri akaona haya. Ilibaki kidogo tu aue watoto wa mwenzake.

"Unatoka kula saa ngapi?" akauliza.

"Usiku."

"Sisi mchana."

Wakatazamana, wakacheka. Tangu hapo mmoja akitoka, mwingine yumo, na watoto wa wote wawili hulindwa usiku na mchana.

Ngiri akiulizwa habari za makovu yake, hujibu mwenyewe: "Ya vita. Nilipigana sana, ila adui sikumwona mpaka nilipombishia hodi."

Wenzangu, mwenye kisa na mwenzake amwendee kwa uso, amwulize kabla hajampiga.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nitafune mwenyewe.