Subira Aliyoipeleka Japani

Ndugu zangu, mtazameni mtu huyu. Alikuwa mfanyabiashara wa ufuta huko Lindi, na kwa miaka miwili alihangaika kutafuta wanunuzi wa Kijapani. Hatimaye wakamwita kwao. Mkalimani wake, Mtanzania aliyeishi huko siku nyingi, akamwonya mapema.

“Kaka, ukishataja bei, mzee wao atafumba macho na kunyamaza. Hajakukataa, wala hajalala. Anayapima maneno yako. Wengi wetu tunaharibu hapo hapo, tunaanza kupayuka na kujishusha wenyewe. Wewe tulia.”

Basi akatulia. Mzee alifumba macho kitambo kirefu. Ulimi ulimwasha mfanyabiashara wetu, lakini alisubiri, mpaka mzee akafumbua macho na kuomba wapumzike kwa chai.

Kwenye chai simu ikaita. Alikuwa mama yake. Tangu apate kiharusi, maneno yalikuwa yanamtoka moja moja.

“Mwanangu,” akasema. Kimya. “Nilitaka…” Kimya tena.

“Mama, sema upesi, watu wananingoja.”

“Nilitaka…”

“Nitakupigia, mama.” Akakata.

Kesho yake mkataba ukasainiwa, kwa bei yake ile ile. Mzee akainuka, akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili.

“Anasema siku ya kwanza ulimtaja mama yako mgonjwa,” mkalimani akaeleza. “Hili ni shali la kumfunika miguu. Anauliza, anaendeleaje?”

Akakipokea kifurushi. Hakuwa amempigia.

Alifika nyumbani na shali lake kwapani, akakuta mikeka imetandikwa uani na watu wamekaa. Mama alikuwa amezikwa yeye akiwa bado kwenye ndege.

“Alitaka kuniambia nini?” akamuuliza dada yake.

“Hatujui, kaka. Kila tulipomuuliza, alisema anakungoja wewe.”

Jamani, tuseme mtu huyu hakuwa na subira? Alikuwa nayo, na yule mzee wa Kijapani ni shahidi. Na sisi je? Mteja tunamsikiliza mpaka neno la mwisho. Bosi akikohoa, tunangoja amalize. Mama akirudia habari ya jana, tunaangalia saa. Inauma, na mimi ninayesema nimo humo humo. Allah atusamehe.

Ukitoka hapa msikitini, kama mama yako yu hai, mpigie. Akinyamaza, usikate simu.