Fungu la Marehemu Aimeri

Inasimuliwa na wenye kumcha Mungu kwamba zamani, katika nchi ya Wafaransa, palikuwa na nyumba ndogo ya watawa iitwayo Valsera. Desturi yao ilikuwa hii: mtawa akifariki, nafasi yake mezani haikuondolewa mwezi mzima. Aliwekewa mkate na supu kama aliye hai, kisha fungu hilo hupewa maskini wa kwanza kufika langoni, liwe sadaka ya kumwombea marehemu rehema.

Akafa mtawa mmoja, jina lake Aimeri, naye yumo katika kujenga mnara wa kanisa. Mchukuzi wa mawe, jina lake Rostani, alilewa mchana, akauacha mkokoteni mteremkoni bila kuzuia gurudumu kwa gogo. Mkokoteni ukaserereka, ukambana Aimeri ukutani. Ndugu yake wa tumbo moja, Gauberti, mtawa wa nyumba hiyohiyo, ndiye aliyemfumba macho. Na ndiye aliyepewa kazi ya kupeleka fungu langoni.

Siku ya kwanza baada ya maziko alifungua lango, akamkuta Rostani. Amefukuzwa kazi, amekonda, mkono ameunyosha.

Damu ilimpanda Gauberti kichwani. "Umemwua, na sasa umekuja kumla?"

"Sikujua ni fungu lake, Ndugu. Watoto hawajatia kitu kinywani."

"Wape pombe!"

Akambamizia lango, akaenda zizini, akawamwagia nguruwe supu na mkate.

Jioni watawa walikusanyika kuungama makosa yao mbele ya wote. Mkuu wao, mzee Ugo, akauliza, "Fungu la marehemu limemfikia nani?"

Gauberti angeweza kujibu "maskini", wala hakuna ambaye angejua. Akasema kweli.

"Nguruwe, Baba Mkuu."

Mmoja akachekea puani. "Basi mwaka huu watanona kwa baraka." Hakuna aliyecheka naye.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Aliyekuja ni Rostani! Mlevi yule! Muuaji!"

"Sisi hatuulizi aliyekuja alikunywa nini. Tunauliza nani alifika kwanza. Leo umemlaza Aimeri na njaa."

Maneno hayo yalimchoma Gauberti kama siku ya msiba yenyewe. Kesho yake Rostani hakuja, kwa kuona haya, na langoni hapakuwa na mtu. Gauberti akavuka kijito na bakuli mkononi, meno ameyauma, mpaka kibandani kwa Rostani.

"Sijakusamehe," akasema. "Pokea."

"Najua, Ndugu," akajibu Rostani, akapokea kwa mikono miwili.

Akaenda kila siku mwezi ule, na hasira ikimfuata nyuma kama mbwa. Mwezi ulipokwisha, nafasi ya Aimeri ikaondolewa mezani. Adhuhuri iliyofuata Gauberti aliukata katikati mkate wake mwenyewe, akainuka.

"Umeshamsamehe?" akauliza mzee Ugo.

"Bado, Baba. Lakini kile kitoto chake cha mwisho kinapenda ganda la mkate."

Enyi mliofiwa, msingoje hasira iishe ndipo mtoe. Toeni ingali inawaka. Mola anaijua, na mwenye njaa hana muda wa kuingoja ipoe.