Ungenifungia Mlango

Jumanne ya pili ya Kwaresima, saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja aliyejifungua juzi yake aliitwa kwenye chumba cha watoto mahututi. Mwanawe alikuwa ndani ya mashine ya joto, mdogo kama mkate, ana madoa ya zambarau mwilini, na mboni za macho yake zimefunikwa ukungu mweupe. Kando ya mama alisimama jirani, mwenzake wa jumuiya ya kanisa, aliyekuja na chupa ya uji.

Daktari akauliza, "Mama, mimba ilipokuwa changa, ulikaa karibu na mtu mwenye vipele?"

"Hapana, daktari. Labda siku ile jumuiya ilipokwenda kumwombea mtoto wa huyu mwenzangu. Nilimpakata. Lakini vile vilikuwa vipele vya joto tu. Si ndiyo, shoga?"

Chupa ya uji ikamponyoka jirani.

"Havikuwa vya joto," akasema. "Ilikuwa rubela. Nesi alinionya inadhuru mimba, wajawazito wasiingie. Lakini mlishafika mlangoni mnaimba. Ningewafukuzaje watu wa Mungu?"

Ndugu zangu, wewe ungesema nini hapo? Mimi ningepiga kelele. Yule mama alimwambia tu:

"Ungenifungia mlango, ningekununia wiki moja. Basi."

Mara mashine ikaanza kulia. Manesi wakakimbilia kwa mtoto. Mama akasema, "Shoga, maji! Tumbatize." Na jirani yule yule ndiye aliyemimina maji kwenye kile kichwa kidogo.

Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa amekata roho.

Wapendwa, mnaonijua mnaelewa kwa nini nasema polepole: mlango ule ni wa nyumbani kwangu. Makaburini tulisema kazi ya Mungu haina makosa. Haina, ni kweli. Yetu je?

Kirusi cha rubela hakikuwa na sauti. Sisi tulikuwa nayo. Tulifungua mlango tusionekane wakorofi, mgeni akatoka na maradhi tumboni, nasi tukamsindikiza kwa wimbo. Huo ndio ukarimu? Nani yuko mlangoni kwako leo akiimba, nawe unajua hapaswi kuingia? Mwambie. Mwache anune.

Tusimame.

Ee Bwana, mpokee mtoto huyu aliyebatizwa kwa maji ya haraka. Macho yake hayakuuona uso wa mama yake. Auone wako. Amina.